Chumba cha Lamu ndani ya kasha

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nawatengenezea wanangu nyumba ya mwanasesere: chumba cha jumba la mawe la Lamu, karne ya 18, kipimo cha 1 kwa 12. Kasha lina upana wa sentimita 50. Nina rangi ya bluu inayong'aa na sofa dogo jekundu. Nianzie wapi? – Baba Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na msumeno. Dari za Lamu zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Sentimita 50 zako ni sawa na mita 6! Punguza hadi 25. Kwa boriti, vijiti vya mishikaki ni vyembamba mno. Tafuta fito zenye unene wa sentimita 1.

Bluu iweke kando. Kuta zilipigwa lipu ya chokaa, nyeupe. Uhondo wote uko kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani: kata matundu kwenye kadibodi nene, safu juu ya safu, ubandike ukuta wa nyuma, kisha upake chokaa. Ndani panga sahani za Kichina. Kifungo cheupe cha shati hakitoshi, chukua cha koti: sentimita 2 zinakupa sahani ya sentimita 24. Chora maua ya bluu kwa kalamu (hapo bluu ruksa).

Kitanda cha miguu ya kukerezwa, mkeka wa ukindu, basi. Sofa wape wanasesere wengine.