Usiwape jina la ugonjwa, wape kazi

Mara ya kwanza niliwaambia watu wote kwa mpigo, saa 9 usiku, kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Nilituma sauti saba mfululizo: nina baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kupita kiasi, sioni haya, na kuanzia kesho nitazunguka mikoa yote kuelimisha umma. Mtu angedhani ni ujasiri. Nilikuwa nimepanda. Ulikuwa usiku wa nne nalala kidogo na sichoki, na mchana wake nilikuwa nimebeba doti 30 za vitenge kutoka Kariakoo, na mimi wala si muuzaji.

Kulipokucha shangazi alishapata mganga, binamu alishanipangia kufunga siku tatu, na kijana mmoja, hata sijui ni mtoto wa nani, aliandika "dishi limeyumba". Siwalaumu sana. Niliwatupia habari nzito isiyo na mpini.

Kwa hiyo kama unataka kusema, usiseme ukiwa juu, wala ukiwa chini kabisa. Subiri siku ambayo hata bei ya nyanya ungeweza kuibishania kwa utulivu.

Mama nilimwendea na ule mfano wa kliniki: ni ugonjwa kama sukari yako, unameza dawa maisha yanaendelea. Akanitazama. "Mwanangu, sukari haimfanyi mtu ahutubie ukoo mzima usiku." Nikakosa la kusema. Kwake, ugonjwa wa akili ni Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na Mirembe ni mahali ambapo watu hutishiana kupelekana.

Aliyenifundisha namna ya kusema ni wifi yangu, ninayeishi naye nyumba moja. Hakuuliza ugonjwa unaitwaje. Aliuliza, "Ukianza, mimi nitajuaje, na nifanye nini?" Tukaandika kwenye karatasi ya daftari. Nikilala chini ya masaa manne kwa siku mbili mfululizo, achukue kadi ya benki na laini yenye M-Pesa, kisha anipeleke kliniki bila kusubiri tarehe. Nikasaini. Kuna siku nilimtukana nikidai kadi yangu. Akanionyesha sahihi yangu mwenyewe. Nilinuna, lakini nilikwenda.

Kuna mtu mwingine ambaye wengi humsahau: nesi wa uzazi wa mpango. Mimi natumia kabamazepini kwa ajili ya baipola, na dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na hata ya kijiti cha mkononi. Nesi alishaandaa mkono wangu ndipo nikasema, "Dada, nameza dawa za akili, hii hapa." Akasoma jina, akarudisha vifaa, tukaongea habari ya kitanzi cha shaba. Anayetumia valproate, dawa nyingine ya baipola, ana sababu kubwa zaidi ya kusema, tena mapema, maana inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mchumba naye aijue hiyo kabla ya mahari. Ila usiache dawa kwa hofu; mrudie daktari wako kwanza.

Kazini nilikosea. Nilimwambia mwenzangu mmoja wakati wa chai, na baada ya wiki kila nikicheka kwa sauti naulizwa kama nimemeza dawa. Ofisi niliyopo sasa wanajua nina kliniki kila mwezi, basi. Wanadhani ni presha. Waache wadhani, sijawaongopea, na hakuna hata mmoja wao anayeshika kadi yangu ya benki.

Mama nilimrudia baada ya mwaka, safari hii bila mfano wa sukari. Nilimwomba jambo moja tu. Sasa hunipigia kila siku saa 12 asubuhi, hata salamu hatoi: "Umelala?" Nikijibu haraka haraka, anakata, anampigia wifi.