Re: K1000 haina taima, nami nataka kuwemo kwenye picha ya familia

Ndugu, kamera yako ya Pentax K1000 kweli haikuwekewa taima (kifaa cha kuchelewesha picha ili nawe uwahi kuingia), lakini tazama katikati ya kitufe cha kufyatulia: pale kuna tundu lenye nyuzi za skrubu. Hapo ndipo unapokaza waya wa kufyatulia, yaani waya unaobonyeza kitufe hicho kwa niaba yako. Kwa picha ya familia tafuta ule wa hewa, wenye puto la mpira la kubinya mwishoni. Bomba lake huwa la mita kadhaa; unalipitisha chini ya mkeka na kulikanyaga lile puto. Ziko pia taima ndogo za springi za kukaza kwenye tundu hilohilo. Mimi napendelea waya wa hewa, maana wewe ndiye unayechagua sekunde, na watoto hawasubiri.

Fokasi ifanye kabla. Mtu asimame utakapokaa wewe, weka fokasi kwake, kisha usiguse lenzi tena. Lenzi ya mm 50 ikiwa f/8 (kipimo cha uwazi wa lenzi) na fokasi mita 3, picha inakuwa kali kuanzia kama mita 2.3 hadi 4.2, kwa hiyo mistari miwili ya watu inaingia bila shida.

Ile kamera ya kukunja ya babu yako yenye herufi V: V ndiyo taima. Nakusihi usiiguse mpaka fundi aisafishe. Mafuta ya zamani hugandisha gia zake, na ikikwama katikati shata nzima (mlango wa kupitisha mwanga) inakataa kufanya kazi. Kamera hiyo itaukubali waya wa kawaida wa kufyatulia, ila usiukunje kwa nguvu.