Kwa mnaoanza kupima dawa za mitishamba za kisukari kwa panya

Kila kundi jipya likiingia maabara, makosa ni yale yale, na wanaoumia ni panya. Wadogo zetu, someni kabla hamjashika sindano.

1. Mmea utambuliwe. Hata kama dawa ni mzizi, chukua na tawi lenye ua au tunda, likaushe, lipeleke Hebaria ya Taifa, hazina ya mimea iliyokaushwa, lipewe namba. Iko Ngaramtoni, hapa hapa Arusha.

2. Chemsha kama wanavyochemsha wanywaji. Mwaka 2011 watu waliofurika Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapile walikunywa mizizi ya mti wa mugariga iliyochemshwa kwa maji. Ukiiloweka kwenye methanoli, unapima kitu kingine.

3. Streptozotosini, kemikali ya kuwatia panya kisukari. Hapa mnatuumiza roho. Mnaiyeyusha yote asubuhi, ndipo mnaanza kupima uzito wa panya mmoja mmoja huku mrija uko mezani. Ikishayeyuka haidumu: panya wa kwanza anaugua, wa mwisho hana kitu, kisha mnashangaa takwimu zimetawanyika. Panya wafunge kula usiku, wapimwe uzito, na dozi zote ziandikwe kwanza. Wa gramu 200, kwa 55 mg kwa kilo, anapata 11 mg. Bafa ya sitreti ya kuyeyushia, 0.1 M, pH 4.5, ikae kwenye barafu. Yeyusha ya panya wachache tu, zungushia mrija foili, choma tumboni ndani ya dakika 10, ndipo uyeyushe nyingine.

Usiku wake ndio mbaya zaidi. Seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, zikifa huimwaga kwa mkupuo, sukari inaporomoka, asubuhi mnakuta panya wamekakamaa kizimbani. Rudisheni chakula mapema, na kwa saa 24 wanywe maji ya glukosi 5%. Baada ya saa 72 pima damu ya mkiani. Futa tone la kwanza, tumia la pili. Aliye na sukari chini ya 13.9 mmol/L haingii kwenye jaribio, hata mkibakiwa na wachache.

4. Kama ekstrakti (dawa iliyokamuliwa kwenye mmea) imechanganywa na Tween 80, kimiminika cha kuisaidia ichanganyike na maji, panya wa kulinganishia nao wapewe Tween 80.

5. Pima uzito na chakula kila siku. Panya anayesusa kula kwa sababu dawa inamchoma tumbo, sukari yake nayo hushuka, na hiyo si tiba.

6. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari ya hospitali mnayolinganishia, ikigoma, msikimbilie kulaumu vidonge. Huziamsha seli za beta zitoe insulini. Kama streptozotosini imeziua zote, hakuna cha kuamsha. Rudini kwenye dozi ya streptozotosini.