Barua kwa mwanangu: kufurahi, kuomba na kushukuru kwenye zamu ya usiku

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Machame sote wazima, ila mvua imezidi na njia ya kanisani ni tope tupu. Ujumbe wako nimeurudia mara nyingi. Unaniuliza neno la Paulo kwa Wathesalonike, "Furahini siku zote, ombeni bila kukoma, shukuruni kwa kila jambo," mtu wa zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto njiti alishike vipi, wakati akirudi asubuhi anapiga magoti na kusinzia hapohapo. Halafu ukaongeza lile lililokuumiza: je, umshukuru Mungu hata kwa yule mtoto aliyefariki Jumanne, mama yake akiwa bado amempakata kifuani?

Nianze na hilo la mwisho. Kwa kifo cha yule mtoto hakuna anayekudai shukrani, mwanangu. Paulo huyohuyo anaiita mauti adui wa mwisho atakayebatilishwa, na adui hashukuriwi. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua kwamba anakwenda kumfufua. Nawe lia, hujamkosea Mungu.

Msibani watu hupenda kusema kazi ya Mungu haina makosa. Siwalaumu, wengi wanakuwa wamekosa la kusema. Lakini mama aliyefiwa leo asiambiwe hivyo na mtu ambaye wa kwake yuko nyumbani anakunywa uji. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na katika yote waliyomfanyia hakuna lililokuwa jema kuliko hilo. Uliniambia ulikaa na yule mama mpaka ndugu zake walipofika. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwamba hakuwa peke yake.

Sasa tumrudie Paulo, maana watu huyasoma maneno yake kana kwamba aliyaandika kivulini akiwa ameshiba. Alikuwa ametoka Filipi, walikopigwa bakora yeye na Sila, wakatiwa gerezani na miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Usiku wa manane wakawa wanaomba na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wanawasikiliza. Wakaenda Thesalonike, huko nako ikazuka ghasia, nyumba ya Yasoni ikavamiwa, ndugu wakawatorosha usiku kwenda Beroya. Nyuma yao wakabaki waumini wachanga, katikati ya dhiki. Paulo alipofika Athene akaona hawezi kuvumilia tena, akamtuma Timotheo akawaangalie. Timotheo aliporudi na habari njema ndipo waraka huu ukaandikwa, mnamo mwaka 50 hivi, Paulo akiwa Korintho.

Fungua sura ya tatu, mstari wa 9 na wa 10. Utayakuta yote matatu pamoja: shukrani, furaha, na maombi ya usiku na mchana. Na sababu yake ni watu, wale ambao anatamani kuziona nyuso zao. Kwa hiyo akifika sura ya tano hawatwishi mzigo mpya. Anawapa kile ambacho yeye mwenyewe amekuwa akikifanya akiwa na hofu na uchovu.

Ndiyo maana nakuambia anzia kwa watu. Ukiitafuta furaha ndani yako saa nane ya usiku hutaipata, utaukuta usingizi tu. Lakini mikono unanawa kila unapomwendea mtoto. Hapo hapo mtaje huyo unayekwenda kumgusa: "Bwana, huyu wa dirishani, apumue." Imetosha, nenda kazini kwako. Baba yako alikuwa akiomba huku anakata majani ya ng'ombe. Ungepita kihambani, kwenye shamba letu la migomba, ungemsikia akiwataja ninyi kuanzia mkubwa hadi mdogo, kisha majirani, na hata yule tuliyekuwa na kesi naye ya mpaka, mundu mkononi na macho wazi.

Shukrani nayo itamke, na iwe ya kitu unachokijua. Mtoto akiongeza gramu chache kwenye mizani, mwambie mama yake, "Tumshukuru Mungu." Hata akiwa Mwislamu atakuitikia, "Alhamdulillahi," nanyi wote mtakuwa mmepata nguvu ya kufika asubuhi.

Furaha niliiona Jumapili, kwenye mnada baada ya ibada. Bibi mmoja mjane wa mtaani kwetu alileta kikapu cha mayai, sadaka ya shukrani kwa kuponywa mguu. Mzee wa kanisa akayanadi, kijana mmoja akayanunua kwa bei ya kuku, halafu akamrudishia bibi kikapu chake. Bibi akayapokea, akageuka, akayatoa sadaka upya! Yakanadiwa tena, watu wanapiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia kuna nini. Pembeni yangu alisimama mama aliyemzika mumewe mwezi uliopita. Hakupiga kigelegele. Alinishika mkono tu, akabaki pale nasi mpaka mwisho.

Nilimfikiria sana siku ile, na nikakufikiria wewe. Paulo aliagiza waraka wake usomwe mbele ya ndugu wote, na mstari wa 14, kabla tu ya hayo uliyoniuliza, anataka walio dhaifu watiwe moyo na wanyonge watiwe nguvu. Alijua kanisani wapo ambao siku hiyo hawawezi kufurahi. Wataomba na kushukuru kwa vinywa vya wenzao mpaka vyao vifunguke. Ndicho kinachonitia wasiwasi kwako kuliko hata kusinzia: umekaa peke yako kwenye chumba cha kupanga, zamu na kitanda, zamu na kitanda. Tafuta jumuiya ya hapo mtaani. Nenda hata kama utalala kwenye kiti wenzako wakiimba. Hakuna atakayekufukuza.

Alhamisi jioni jumuiya yetu inakutana hapa nyumbani, na nataka tumwombee yule mama. Jina lake usinitajie, najua siri za wagonjwa hazitoki wodini. Tutamwita mama wa Jumanne, Mungu anamjua. Wewe niandikie tu ratiba ya zamu zako za wiki ijayo, nijue ni saa zipi uko kazini nikuombee saa hizo hizo. Mkungu wa mchare, zile ndizi za kupika, nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kaupokee Mbezi leo jioni usije ukaivia stendi.

Mama yako akupendaye