Hilux kula mafuta baada ya kufunga tairi kubwa

Mkuu, umesema tangu utoe tairi za saizi 265/65R17 ukafunga 285/70R17 Hilux inakunywa mafuta. Kwanza piga hesabu upya ya mafuta kwa kilomita, hizo tairi ni ndefu zaidi kwahiyo dashibodi ikisoma kilomita 100 wewe umeshatembea kama 107, pima na GPS ya simu Uyole mpaka Igawa utaona mwenyewe. Ila uzito nao upo, gari inachoka kuondoka. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, mimi niliwahi kukuta moja imeshuka sana na kwa macho huoni kitu, keria toa kama hubebi mzigo, na pale mlima Kitonga using'ang'anie gia kubwa injini inakoroma, shusha mapema. Ikibaki nzito badilisha rasio ya difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha tairi), gharama yake inauma lakini ndo dawa.