Siku ile betri haikuwa imekwisha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa peke yangu kibarazani, chai ikipoa. Umeniuliza mambo mawili ukayafunga kama fungu moja la sukuma. La kwanza: kwa nini jioni ile, ulipokuwa darasa la nne, Diego wa ile tamthilia ya Kimexico alipoanza tu kumwambia Paloma kwamba anampenda, niliinuka nikazima runinga nikasema betri imekwisha, na saa tatu nikaiwasha tena kusikiliza taarifa ya habari. La pili umelificha chini kabisa, baada ya salamu za mama yako: "Baba, mtu akijua nyumbani watakataa, aseme au anyamaze?"

Nianze na la betri, maana miaka yote hii nilidhani hakuna aliyenishika.

Kwanza nikiri kwamba nilikuwa mtazamaji kama ninyi. Nilikuwa najifanya nasahihisha insha za darasa la saba, kalamu nyekundu mkononi, macho juu ya miwani. Kuna mtoto nilimpa ishirini na tisa kwa arobaini kwa insha ambayo haikustahili hata ishirini, kwa kuwa jioni hiyo Paloma alikuwa analia na sikuona nilichokuwa naandika. Mungu anisamehe, na yule mtoto sasa ni daktari, kwa hiyo labda sikukosea sana.

Unasema ulipofika katikati ya hiyo tamthilia mpya ya Kolombia ulipiga kelele, "Huyu Gaviota si ndiye Paloma?" Ndiye. Hadithi ni moja. Fernando Gaitán, yuleyule aliyekuja kuandika tamthilia ya Yo soy Betty, la fea, aliiandika kwanza kwa ajili ya runinga ya Kolombia mwaka 1994, ikaitwa Café con aroma de mujer, Gaviota akiwa Margarita Rosa de Francisco na Sebastián, ndiye Diego wetu, akiwa Guy Ecker. Mwaka 2001 Wamexico wakaitengeneza upya kwa jina la Cuando seas mía, wakawapa Silvia Navarro na Sergio Basáñez, na hao ndio waliotufikia sisi, wakisema Kiingereza kisicholingana na midomo yao. Hiyo uliyoitazama wewe, ya Laura Londoño na William Levy, ni ya 2021. Jambo lililonichekesha nilipoanza kufuatilia ni majina. Gaviota ni shakwe, wale ndege weupe uliowatupia mkate Mombasa. Paloma ni njiwa. Walipoihamishia Mexico wakabadilisha ndege, ila bado ni ndege, na bado anatua tu wakati wa mavuno.

Nitasimulia kwa majina ya Kolombia ili usichanganyikiwe. Gaviota na mama yake, Carmenza, ni wachuma kahawa. Wanatembea shamba hadi shamba, vikapu vimefungwa kiunoni, na kila mwaka wanarudi kwenye shamba la mzee Octavio Vallejo. Mzee huyo alikuwa amewaahidi kipande cha ardhi. Safari hii wanafika, wanakuta mzee amekufa. Maandishi hakuna.

Hapo ndipo wanaume wa kwetu walipoanza kuvuta viti karibu na runinga. Mwanamume wa Kirinyaga anaweza kupita mbele ya busu bila kugeuka, lakini hawezi kupita mbele ya shamba lisilo na hati.

Kisha anakuja mjukuu, Sebastián, kutoka masomoni Uingereza, amekuja kuzika babu. Anamwona mchuma kahawa. Mengine unayajua: anamwambia anampenda, anaahidi kurudi, anapanda ndege. Sasa nitazamie jambo moja ambalo nadhani watu hulipita kwa sababu ya muziki. Babu aliahidi ardhi kwa mdomo. Mjukuu akaahidi ndoa kwa mdomo. Na wote wawili walisema kweli! Hakuna aliyedanganya. Mzee alitaka kutoa shamba, na kijana alimpenda yule binti hadi mwisho wa vipindi vyote vile. Lakini ukoo wa mwenye mali hauhitaji kupigana na ahadi ya mdomo. Unahitaji muda tu upite. Binti akabaki na mimba, akamfuata mpenzi wake Ulaya kupitia watu waliojidai kutafuta wanamitindo kumbe wanauza wanawake, akapoteza mimba, akarudi nyumbani akakuta Sebastián anamwoa Lucía, mwanamke wa tabaka lake. Ungamo lilikuwa tamu kweli. Aliyelilipia ni mwingine.

Hayo nimeyafikiria baadaye. Jioni ile sikuwa nafikiri. Jioni ile niliona aibu, na hii ndiyo sababu.

Wiki hiyo hiyo ami yako alikuwa amekuja kwangu. Unamjua alivyo, mtu wa kusema maneno matatu kwa siku. Babu yako alikuwa ameshafariki, mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mambo ya namna hiyo yaliletwa kwangu. Alisimama mlangoni, hakukaa. Kwa kawaida kijana wa kwetu husema, "Nimeona msichana," na mkubwa anajua cha kufanya na sentensi hiyo. Yeye hakusema hivyo. Alisema, kwa Kiswahili, "Nampenda." Kwa Kikuyu neno hilo lina uzito wa gunia, nadhani alihama lugha ili aweze kulibeba. Hata mimi nilibabaika, nikamuuliza, "Nani?" ingawa nilijua.

Alikuwa binti wa mama mmoja kutoka upande wa Mbeere, waliokuja kuchuma kila msimu na kulala kwenye kile chumba cha mabati nyuma ya zizi. Mama yule alichuma kwa kasi ambayo sijaiona tena, na binti alikuwa anamfuata kwa debe moja tu nyuma. Wewe uliwapenda kwa sababu walikuletea mabuyu.

Sikumwambia ami yako "hapana." Hili nataka ulisome polepole. Nilimuuliza wana shamba wapi. Nilimuuliza nani anawajua. Nilimkumbusha kwamba kahawa haitoi pesa, na hilo lilikuwa kweli: miaka ile bei ilikuwa imeanguka duniani kote, Vietnam imejaza soko, majirani wanaikata mibuni usiku na kupanda mahindi katikati ili mtu asione. Yote niliyosema yalikuwa ya busara. Kisha nikamalizia: "Ngoja kwanza tumalize mavuno."

Mimi ni mwalimu, najua maana ya neno. Baada ya mavuno wachumaji huondoka. Nilijua nilichokuwa nasema, naye alijua, akaniitikia kwa heshima, "Sawa," akarudi shambani.

Basi siku mbili baadaye nimekaa na madaftari yangu, ninyi mmejaa sakafuni na watoto wa jirani, na yule kijana wa kwenye runinga, mjukuu wa tajiri, ana kila sababu ya kunyamaza, anafungua mdomo. Na mlangoni, palepale aliposimama siku ile, amesimama ami yako ameshika maziwa ya jioni, anatazama. Hakunitazama mimi. Alitazama runinga tu. Nikasikia kama nimeitwa jina mbele ya kanisa zima. Nikainuka nikazima. "Betri imekwisha." Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa sokoni siku hiyohiyo, nilikuwa nimeibeba mwenyewe kwa baiskeli.

Msimu uliofuata mama yule na binti hawakuja. Nilituma mtu kuuliza, na sijui hata nilikuwa nataka ajibiwe nini. Aliambiwa wamepata kazi kwenye mashamba ya mpunga kule Mwea. Ami yako alioa miaka mingi baadaye, na shangazi yako huyo unamjua, ni mtu mwema, sitaki barua hii imguse hata kidogo. Hajawahi kunilaumu. Mara moja tu, mwaka juzi, tukipogoa kule chini mtoni, alisema bila kuinua kichwa: "Mwaka ule kahawa ilizaa kweli." Hakutaja mwaka gani. Tukaendelea kupogoa.

Sasa swali lako la pili. Unaniuliza aseme au anyamaze, na mimi nashindwa kukujibu kama mwalimu kwa sababu najua kwa nini unauliza. Mama yako alijua kabla yangu. Anasema tangu Pasaka umekuwa ukipokea simu nje, kando ya tangi la maji, hata mvua ikinyesha.

Aseme. Lakini kusema "nampenda" ni kazi ndogo, mwanangu, hata kama mikono inatetemeka. Tamthilia huitengenezea muziki na mvua na karibu kipindi kizima, kwa sababu hapo ndipo machozi yalipo. Ukishasema, nyumba za watu kama sisi hazitakufukuza. Hizo za kufukuza binti na mkoba wake ni za kwenye runinga. Sisi tutakuambia subiri. Subiri umalize masomo. Subiri dada yako aolewe. Subiri shangazi apone. Tutakupa chai. Ukisikia "subiri" uulize hadi lini, na ukae kwenye kiti mpaka upate jibu lenye tarehe. Ami yako kosa lake, kama ni kosa, ni kutouliza hilo. Na huyo kijana wako pia umuulize. Sebastián angeulizwa ni tarehe ngapi atarudi, na anwani yake ni ipi, tungekuwa na hadithi fupi sana, lakini binti wa watu asingefika Ulaya mikononi mwa wale wauzaji.

Sisemi wazee hukosea kila mara. Nimewaona waliotangaza mapenzi kwa kipaza sauti wakaachana kabla mvua ya Aprili haijakatika, na tuliokuwa tumenong'ona tukaendelea kunong'ona. Hayo yapo.

Mama yako, nilipomsomea barua hii hadi hapa, amesema nimesahau sehemu nzuri kuliko zote. Yeye wala hakumbuki busu. Anakumbuka Gaviota akirudi mjini kwa jina jingine, Carolina Olivares, akaingia kwenye kampuni ya kuuza kahawa nje, mkoba begani, kazi ya ukatibu, kisha akapanda ngazi hadi wakubwa wakawa wanamsikiliza yeye, maana kahawa aliijua kutoka kwenye mti na wao waliijua kutoka kwenye kikombe. Mama yako anasema binti akiwa na kazi yake, maswali ya wazee hupungua nusu. Ameniagiza niandike hivyo hivyo. Nimeandika. Ameongeza kwamba yeye alipokuja kwangu alikuwa na cherehani na mimi nilikuwa na redio, na hakuna aliyeuliza kuhusu redio. Hilo hakuniagiza niandike.

Umeniambia kijana si wa huku kwetu na kwamba kwao hawana shamba, na umeandika sentensi hiyo kama mtu anayeweka yai mezani. Nimeiona. Sitajifanya haikunigusa, nimezaliwa kwenye vilima hivi, na baba yangu alikuwa akihesabu utu wa mtu kwa ekari, kwa sababu alikumbuka siku ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kupanda hata mbuni mmoja kwenye shamba lake mwenyewe. Hofu hiyo nimeirithi pamoja na jembe. Lakini safari hii sitauliza shamba liko wapi kama swali la kwanza. Huenda nikaliuliza la nne.

Mavuno makubwa yanaanza Oktoba. Mlete Jumamosi ya pili ya mwezi huo, tarehe nimeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na asije na suti. Aje na gambuti, maana kule chini mtoni pameloa. Nimemwambia ami yako kwamba una mgeni. Alikaa kimya kwa muda, akafunga kamba ya mfuko aliokuwa anaufunga, kisha akauliza kama kijana anajua kutenganisha zilizoiva na mbichi kabla ya kupeleka kiwandani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Nitamwonyesha mimi."

Mama yako anataka kujua kama anakula njahi.

Ni mimi,
Baba yako