Sehemu sita kwa siku moja, na kofi nililoliweka pasipo pake

Jumamosi moja mwaka jana nilijifungia chumbani kwangu Kyebando, hapa Kampala, tangu saa mbili asubuhi, na kabla ya isha nilikuwa nimemaliza sehemu sita za tamthilia ya Kituruki. Kesho yake nikaandika uchambuzi. Nikammwagia sifa mama mkwe kwa lile kofi alilompiga mwanawe mlangoni, nikasema ndilo lililoibeba sehemu ya tatu. Kumbe kofi lilikuwa la sehemu ya tano. Wasomaji hawakunisamehe, mmoja aliniuliza kama nilikuwa naangalia au nakaanga samaki.

Kusema kweli, samaki nao walikuwa jikoni.

Tangu hapo nina daftari, lile la shule la kurasa 96. Sehemu ikiisha nazima sauti, naandika, ndipo nabonyeza inayofuata. Siandiki muhtasari wa kisa, huo utaupata popote. Naandika kilichonigusa, kilichoniudhi, na zaidi ya yote naandika ninachodhani kitatokea. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Dk 17, mjane analia, leso kavu kabisa. Dk 31, huyu daktari si alisafiri? Barua kaificha dada mtu, naapa." Dada mtu hakuwa na barua wala bahasha. Lakini bila mstari ule, ukinikuta nimeshamaliza ya sita ningekwambia kwa moyo mkunjufu kwamba nilimjua mwizi tangu mwanzo. Ukiangalia mfululizo, mwisho unakuja kuufuta mwanzo, na mchambuzi anabaki kusema "ilitabirika" juu ya jambo lililomdanganya saa nne nzima.

Jambo la pili ni kujua unachokiangalia kimekatwa vipi. Kule Uturuki sehemu moja kwenye televisheni mara nyingi hupita saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwakatwa vipande vya kama dakika 45, ndiyo maana sehemu inaweza kukuishia watu wako katikati ya sentensi. Mimi niliwahi kumlaumu mwandishi kwa miisho ya namna hiyo, wakati kosa lilikuwa la mkasi. Za Kikorea zina hesabu nyingine: nyingi ni sehemu 16 za saa moja hivi, mbili kwa wiki. Yale marudio ya busu la chini ya mwavuli yamewekewa mtu aliyengoja siku tano, akapika, akagombana na mwenye nyumba, akasahau. Wewe busu umeliona dakika arobaini zilizopita, lazima likuchoshe. Kabla hujaandika kwamba wanajaza muda, jiulize kama wewe uliyekaa kitako tangu asubuhi ndiye aliyekusudiwa.

Na kwa sisi wa Uganda kuna suala la vijei, yule msimulizi anayeitafsiri filamu kwa sauti yake huku inaendelea. Nimekulia Arua, filamu nilizijulia kwenye benchi la kibanda cha video, na sauti ya vijei akitafsiri kwa Kiganda huku akitia chumvi zake bado inanichekesha kuliko waigizaji wenyewe. Ila toleo lake lisikupe hukumu ya mazungumzo. Utani ule ni wake, na mara nyingi sauti ya mwigizaji imefunikwa kabisa. Ukiwa umeangalia hilo, sema umeangalia hilo. Unaweza hata kumchambua vijei mwenyewe, anastahili.

Mengine ni ya nyumbani. Angalia yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, asubuhi, si pale taa zinapozimika mume akifungua mlango. Pakua usiku, kwa sababu tangu Julai 2021 intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 na bando halina huruma. Usipike. Tuma mtoto akuletee rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, iwe ya mayai mawili, ule huku unaandika, mafuta kwenye daftari si dhambi. Baada ya sehemu ya pili toka nje, hata kama ni kwenda dukani kununua kiberiti usichokihitaji.

Siku hizi mwisho wangu ni sehemu nne. Nilifika hapo kwa kufungua lile daftari nikaona ya kwanza ina ukurasa na nusu, ya nne nusu ukurasa, na mdogo wangu aliyekuja kukaa nami likizo akaniuliza, "Dada, hapa mwandiko ni wako au kuku amepita?" Uchovu wangu nilikuwa naugeuza ubovu wa mwigizaji.

Zile sita za Waturuki nilizirudia baadaye, taratibu, ili nirekebishe lile kofi. Kwenye uchambuzi wa kwanza sehemu ya sita nilikuwa nimeiita "tulivu, yenye kupumzisha". Nyumba ya mama mkwe inaungua yote dakika ya 20, na mimi sikuwa na kumbukumbu hata ya moshi.